Stori ya mradi wa maji imerudishwa na dawati, na nimeachiwa bahasha. Naomba ushauri

Binti wa Kalamu
Habari zenu wakuu. Naandikia gazeti nikiwa mkoani, nalipwa kwa stori inayotoka. Kuna kijiji huku mradi wa maji umesimama tangu mwaka jana. Tangi la zege limekamilika, mabomba hayajafika, mchana mbuzi wanapumzika kwenye kivuli chake. Akina mama bado wanachota korongoni. Nimekwenda, nimehoji, nimepiga picha, nimetuma. Mhariri kairudisha: "Intro mbovu, haina mzania." Intro yangu hii:

"Maji ni uhai, na Serikali imekuwa ikifanya jitihada kubwa za kumtua mama ndoo kichwani. Hata hivyo, wananchi wameiomba Serikali kuingilia kati ili kuwanusuru na adha hiyo."

La pili: afisa niliyemfuata hakujibu swali hata moja, ila wakati natoka msaidizi wake alinipa bahasha, akasema ni nauli. Sijaifungua. Wenzangu wanasema nikiirudisha sitaitwa tena kwenye matukio. Na malipo ya stori moja hayafidii hata bodaboda. Nifanyeje?

Dawati la Zamani
Dada, kwanza hongera kwa kufika. Siku hizi stori nyingi za vijijini zinaandikwa kwa simu.

Intro yako inaweza kubandikwa kwenye mradi wowote wa maji nchini. Nimeisoma mara mbili, sijui ni wapi wala kimetokea nini. Ulichotuandikia sisi hapa ni kizuri kuliko ulichompelekea mhariri! Chukua hicho hicho: "Tangi la maji la kijiji cha (jina) limegeuka kivuli cha mbuzi, huku wanawake wakiendelea kuchota maji korongoni, zaidi ya mwaka mmoja tangu ujenzi usimame." Hakikisha huo mwaka umetimia kweli kabla ya kuuandika. Nani, nini, lini, wapi, kwa nini, vipi: usiyabane yote kwenye sentensi ya kwanza, tanguliza yenye uzito, mengine yafuate. Yasiyo na uzito yakae mwisho, maana nafasi ikibana ukurasani tunakata kuanzia mkiani.

"Wananchi wameiomba Serikali kuingilia kati" futa kabisa. Nani ameomba? Mtaje kwa jina na maneno yake mwenyewe.

Sasa mzania. Waandishi wengi wachanga wanadhani ni kuisifia Serikali aya moja, kuilaumu aya ya pili. Sivyo. Mzania ni kwamba anayelaumiwa kwenye stori amepewa nafasi ya kweli ya kujibu. Mtumie afisa maswali kwa maandishi, mpe muda unaoeleweka, tunza nakala. Akinyamaza, andika: "Alipotafutwa kwa simu Jumanne na kisha kutumiwa maswali, hakuwa amejibu hadi habari hii inakwenda mitamboni." Mtafute na mkandarasi. Huenda hajalipwa, na hapo stori nzima inabadilika.

Mtu wa Nyaraka
Naongezea. Kama bango la mradi bado limesimama, lipige picha: jina la mkandarasi, gharama, tarehe ya kuanza na kumaliza. Kisha andika barua rasmi ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Pitia na ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), miradi iliyokwama haikosekani humo.

Kijana wa Mjini
Kuhusu bahasha tuwe wakweli. Nauli kila mtu anachukua. Kama stori haibadiliki, tatizo liko wapi?

Mama Studio
Tatizo ni kwamba huyo afisa ndiye anayeandikwa, na dada kanyimwa majibu kapewa hela. Mdogo wangu, irudishe kesho, ikiwa imefungwa hivyo hivyo, mbele ya mtu wa tatu, halafu mwandikie mhariri wako siku hiyo hiyo. Siku stori ikitoka, jambo la kwanza watakalosema ni kwamba ulichukua hela yao. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania haziruhusu, na sisi wenyewe ndio tunaowaita wenzetu makanjanja kwa mambo haya haya.

Njaa ni ya kweli, silipuuzi hilo. Lakini wa kudaiwa nauli ni chombo kinachokutumia. Idai kabla ya safari.

Msomaji wa Kale
Suala la nani analipa lilikuwepo tangu mkoloni. Mambo Leo lilianza 1923 likiwa gazeti la serikali. Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka Dar es Salaam mwenye asili ya Uganda, akaanzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika mwenyewe, si la serikali. Ndiyo maana aliweza kuchapisha malalamiko ya Waafrika dhidi ya watawala. Stori yako ya korongo ni ya ukoo huo.

Binti wa Kalamu
Asanteni sana. Bahasha inarudi kesho. Moja la mwisho: mama mmoja kaniambia saruji ya mradi iliuzwa usiku, ila anaogopa, hataki jina lake litoke. Naiweka?

Dawati la Zamani
Kwa kauli ya mtu mmoja, hapana. Mtafute wa pili aliyeona kwa macho yake, asiyerudia aliyosikia kwa huyo mama, au upate karatasi ya stoo. Usipopata, toa na stori ya tangi peke yake. Jina la mama mjue wewe na mhariri wako basi. Na usitaje hata kitongoji chake, kijijini watu watamjua kwa hilo tu.