Mrejesho: Boti iliyozama ziwani imerudi kazini

Wiki tatu zilizopita niliomba ushauri baada ya boti yangu ya mbao, yenye mashine ya nguvu ya farasi 15, kuzama usiku wa dhoruba mwaloni (mahali boti zinapotia nanga) kwetu Ukerewe, Ziwa Victoria, na leo narudi kuwashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Kilichoiokoa mashine ni ule ushauri wa kuiacha majini hadi fundi awe tayari, kwa kuwa chuma kilicholowa hushika kutu upesi kikikutana na hewa. Tulipoitoa hatukuvuta kamba ya kuwashia. Tulifungua plagi zote mbili, tukailaza matundu yakitazama chini, kisha tukazungusha gurudumu la juu kwa mkono, polepole, tukisikiliza kama kuna mchanga unaokwaruza. Hapakuwa na mchanga, alhamdulillahi. Yalitoka maji ya kijivu, halafu povu, halafu matone machache. Tulimimina oili ndani ya silinda, tukasafisha kabureta na tangi kwa petroli mpya, na koili, inayotoa umeme wa cheche za plagi, tukaianika kivulini. Iliwaka mvuto wa tisa, tukaiacha ingurume saa nzima ndani ya pipa la maji ili joto likaushe unyevu uliobaki.

Jambo ambalo sikulitaja awali ni gia boksi: oili yake ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa, ishara kwamba maji yameingia kwa kuwa sili ya shafti, mpira unaozuia maji, ilikuwa imekwisha, nasi sili hiyo tumeibadilisha. Ubao mmoja karibu na mkuku, yaani uti wa chini wa boti, tumeukalafati upya, yaani kuziba nyufa zake kwa pamba, na tangu Jumatatu boti haijaingiza maji.