Naomba ushauri: babu alizalisha punda Urambo, baba mkubwa ameandika "farasi" kwenye wasifu wake

Mjukuu wa Tatu (mleta uzi)

Wanajukwaa wenzangu, habari za jioni, na shikamooni wakubwa zangu.

Babu yangu mzaa baba alifariki mwaka jana katika kijiji kimoja cha wilaya ya Urambo, mkoani Tabora, na mwezi ujao ukoo unakutana kujengea kaburi. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake, utakaosomwa siku hiyo na kuchapwa katika kijitabu cha kugawia wageni. Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wa nusu ukurasa ambao ungeweza kuwa wa mzee yeyote: alizaliwa, alioa, alijaliwa watoto, aliugua. Bibi hakusema kitu pale, lakini jioni aliniita jikoni akaniambia, "Huyo mliyemzika leo mimi simjui."

Babu alilima tumbaku na karanga kama wenzake wengi, ila jina lake lilivuka kata kwa sababu ya punda. Hakuwa mtu wa kumiliki punda wawili wa kubebea maji. Alikuwa akizalisha, na watu walitoka Kaliua na Sikonge kuja kuwekeana naye ahadi ya jike ambaye bado hajazaliwa. Dume la mbegu hakulichagua kwa ukubwa wa mwili. Aliliangalia kwato, halafu akalitembeza mpaka kijitoni kuona linavyoteremka ukingo likiwa na mzigo, kwa sababu, alisema, kila punda hupanda ukingo vizuri. Jike akishapandwa, babu alikwenda kwenye mlango wa ghala na kukata alama kwa kisu kwenye mwimo wa mninga, alama moja kwa kila mwezi ulioandama, mpaka zikatimia kumi na mbili, na mara nyingine kumi na tatu. Juu ya safu alichora duara akizaliwa dume, na mstari mrefu akizaliwa jike. Usiku wa kuzaa alikaa nje na kandili, na hakuingia kulala mpaka amwone mtoto amesimama na kunyonya.

Tatizo langu ni hili. Baba mkubwa, ambaye anaishi mjini na ndiye anayegharamia uchapaji, amenirudishia rasimu akiwa amefuta neno "punda" kila mahali na kuweka "farasi". Anasema wageni wake wa kazini watakuwepo, na hataki marehemu baba yake atajwe sambamba na mnyama ambaye jina lake ni tusi. Hata picha ya jalada ameikata. Babu alipigwa picha akiwa amemwegemea jike wake mzee, na sasa amebaki peke yake, isipokuwa sikio moja refu ambalo mkasi haukulifikia, limesimama karibu na bega lake kama jani la mgomba.

La pili ni mwaka wa kuzaliwa. Kadi yake ya kupigia kura iliandikwa 1945, lakini yeye mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa mvulana wa kuchunga mbuzi wakati matrekta ya Waingereza yalipokuja Urambo kuangusha miombo ili kulima karanga. Fundi wa kaburi anataka tarakimu, na mimi sina la kumwambia.

Nampingaje mzee wangu bila kumvunjia heshima? Na mwaka tuandike upi?

Afisa Mifugo Mstaafu

Pole kwa msiba, mjukuu. Nimefanya kazi ya mifugo katika mkoa huo kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba nianze na farasi wa baba yako mkubwa.

Miombo ya Urambo, Kaliua na Sikonge ni nchi ya mbung'o, na mbung'o hueneza ndorobo, ule ugonjwa wa vimelea vya damu ambao binadamu akiupata tunauita malale. Farasi ni dhaifu mno mbele ya ugonjwa huo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa mwanzoni mwa safari, mbali kabisa na Unyanyembe, ambako ndiko Tabora ya leo. Ndiyo maana mizigo ya misafara ilikuja mabegani mwa watu. Punda wetu wa kienyeji huvumilia zaidi kuliko farasi, ingawa naye hukonda, huishiwa damu na hufa asipotibiwa, na mtu aliyeweza kuzalisha punda miaka nenda rudi katika pori hilo alikuwa anajua wapi pa kuchunga, saa ngapi za kuwarudisha, na lini pa kumwita mtu wa sindano. Ukiandika "farasi" unaufuta ujuzi huo wote, na juu yake wazee watakaokuwepo watacheka, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona farasi katika kijiji hicho.

Ule mwimo uwahi kabla mtu hajabomoa ghala. Upige picha, kisha uhesabu safu. Punda huzaa mtoto mmoja, mapacha ni nadra sana, na mimba yake ni ya takriban miezi kumi na miwili, mmoja zaidi ya farasi. Kwa hiyo kila safu iliyokamilika ni mtoto mmoja aliyezaliwa, na hiyo ni daftari ambayo wafugaji wengi waliosoma hawanayo.

Kinyozi wa Isevya

Mimi nitasema tofauti kidogo, na naomba nisieleweke vibaya. Farasi ni uongo na aondolewe. Lakini baba mkubwa naye ana hoja, maana atakayeketi mbele ya wageni siku hiyo ni yeye, na neno hilo likitamkwa mara thelathini katika kanisa au msikiti vijana wataanza kuangaliana. Ungeweza kuandika "mfugaji" katika sehemu nyingi, halafu punda ukawataja mara mbili au tatu pale ambapo habari haiendi bila wao.

Mama Tumaini

Ndugu Kinyozi, nakuheshimu, lakini "mfugaji" Tabora ni mtu wa ng'ombe, kwa hiyo huo nao utakuwa uongo, umevaa suti tu.

Mjukuu, nenda kwa wanawake. Mimi nimelelewa kwenye tumbaku huko huko Urambo na najua kilichokuwa kikibebwa. Bani moja la kukaushia tumbaku humeza kuni usiku na mchana kwa siku kadhaa, na kabla nyumba yetu haijapata punda, kuni zile zilikuja vichwani mwa mama na sisi watoto wa kike. Maji vilevile. Mwaka tuliponunua punda, mimi nilianza kuwahi namba shuleni. Sikumbuki baba alimnunua kwa nani, lakini kwa kila jike aliyetoka kwa babu yako kuna nyumba ambayo kichwa cha mtu kilipumzika. Waulize hao wamama, andika wanavyokuambia, umsomee baba mkubwa mbele ya bibi. Usimpelekee kwa simu. Na usiende na neno la kumpinga. Nenda umwombe akusaidie kukumbuka, kwa sababu naye alikuwa mtoto katika nyumba hiyo na ada yake ya shule haikutoka hewani.

Mpiga Hesabu

Kuhusu mwaka. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 na serikali yao ikaufuta 1951, na Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mtoto aliyezaliwa 1945 asingeweza kuchunga mbuzi peke yake wakati wa kuangusha miombo. Ukimpa miaka tisa au kumi mwaka 1948, unapata 1938 au 1939. Tafuta ushahidi wa pili: alioa kabla au baada ya Uhuru? Mtoto wa kwanza alikuwa anatembea walipohamishiwa kijijini mwaka 1974? Bibi anayajua haya hata kama hajui tarakimu. Kwenye kaburi mwambie fundi aandike "takriban 1938". Neno hilo halimpunguzii marehemu chochote.

Mjukuu wa Tatu (mleta uzi)

Wakubwa zangu, ahsanteni. Nimerudi kutoka kijijini jana.

Bibi anasema aliolewa mwaka ambao bendera ilibadilishwa, na babu alikuwa "kijana aliyeota ndevu, si mtoto". Tumekubaliana na takriban 1938. Mwimo una safu arobaini na moja zilizokamilika, na ghala lenyewe lilijengwa baada ya kuhamia kijijini, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo hawamo. Bibi pia amenikumbusha jambo nililolisahau: walipopita wanunuzi wa punda kwa ajili ya ngozi, wakitaja bei ambayo tumbaku haikuwahi kutoa, babu aliwakaribisha ugali, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia hana mnyama wa kuuza ambaye hatafika kwa mnunuzi akitembea. Ilikuwa kabla wakuu wa nchi za Afrika hawajakubaliana, Februari 2024, kupiga marufuku uchinjaji huo.

Baba mkubwa alikuja Jumamosi. Nilifanya kama Mama Tumaini alivyosema, nikasoma mbele ya bibi bila kumtazama. Nilipofika kwenye ada ya shule alinisimamisha, akanisahihisha: haikuwa dume moja lililouzwa, yalikuwa mawili, na la pili alilipeleka sokoni yeye mwenyewe, kwa miguu, akilia njia nzima. Farasi ameondoka. Ameomba tu watani wasipewe nakala kabla ya siku yenyewe, ombi ambalo nadhani halitekelezeki.

Picha nzima tumeipata chini ya godoro la bibi. Mchapaji aliuliza maelezo ya chini ya picha yaandikwe vipi. Baba mkubwa akasema jina la babu linatosha. Bibi akauliza kama huyo mwingine hakuwa na jina, akalitaja, na baba mkubwa akaliandika kwa mkono wake: Mwendapole.