Ushauri: Mbwa wangu anaburuta miguu ya nyuma, nimpime jenomu nzima (vinasaba vyote)? (Dodoma)

Mzabibu_Ihumwa:
Wakuu habari za jioni. Nina German Shepherd dume, Simba, umri miaka 9. Tangu kiangazi kianze, miguu ya nyuma haimtii. Anaburuta vidole hadi kucha zimelika kwa juu, akigeuka ghafla anakaa chini bila kutaka. Halii hata nikimbonyeza mgongo mzima. Chakula anamaliza. Picha ya mionzi imeonyesha nyonga ziko sawa. Jamaa wa Ilazo mwenye mbwa wa ukoo huohuo anasema baba yake Simba alimalizika hivihivi.

Nasikia nje ya nchi wanasoma jenomu yote ya mbwa na kugundua magonjwa ya kurithi. Nijichange? Nampenda sana huyu mbwa, lakini pia nina binti yake, Malkia, na watu wameshaweka oda za watoto wake. Sitaki kumuuzia mtu mbwa atakayekuja kumliza.

Chunga_Kupe:
Pole mkuu. Kabla ya vinasaba, pima damu. Huku kwetu erlikia na babesia, magonjwa ya kupe, zinalegeza mbwa kila siku, na dokta mwenye hadubini anaweza kukuangalizia.

Mzabibu_Ihumwa:
Damu ilipimwa, safi. Homa hana, fizi nyekundu.

Dokta_Mifugo_Makole:
Ndugu, dalili hizo kwa Shepherd mzee zinanifanya niwaze ugonjwa ambao neva ndani ya uti wa mgongo huharibika polepole, bila maumivu, kuanzia nyuma. Mwaka 2009 watafiti waliuhusisha na kasoro ya jeni ya SOD1. Kwa binadamu, jeni hiyohiyo ikiharibika inaweza kuleta ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli.

Kwa kuwa kasoro inajulikana, usilipie kusoma herufi bilioni 2.4 za jenomu wakati unatafuta moja. Omba kipimo cha SOD1 peke yake, ni nafuu mno. Jenomu nzima ina mahali pake: ugonjwa unatembea kwenye ukoo, vipimo vya jeni zinazojulikana vyote vimetoka safi. Hapo wanasoma ya mgonjwa, na ikiwezekana ya wazazi wake, wanalinganisha na jenomu ya rejea, yaani ya mbwa mmoja inayotumika kama kigezo. Ya kwanza ilichapishwa 2005, ya Boxer jike aitwaye Tasha. Zinatoka tofauti mamilioni, karibu zote hazina madhara, na kuchuja ile yenye madhara ndiyo kazi yenyewe.

Ila nisikufiche, jibu la SOD1 halimalizi kila kitu. Kila mbwa ana nakala mbili za jeni, moja kutoka kwa kila mzazi. Mwenye nakala mbili mbovu yuko hatarini, lakini wengine huzeeka bila kuugua, na uhakika kamili hupatikana kwa kuchunguza uti baada ya kifo. Mimi ningelipima zaidi kwa sababu hii: Simba akitoka na nakala safi, tunarudi kutafuta diski iliyobana neva, na hiyo mara nyingi inatibika.

MamaPaka_Nkuhungu:
Nakubaliana na dokta. Paka wa Persia wanarithi ugonjwa wa figo kujaa vifuko vya maji, kasoro yake inajulikana tangu 2004, na kipimo kimoja kinatosha kabla ya kuwazalisha.

Mzabibu_Ihumwa:
Asante sana dokta. Na Malkia?

Dokta_Mifugo_Makole:
Simba akiwa na nakala mbili mbovu, Malkia lazima amebeba moja. Ya pili inategemea mama yake, kwa hiyo mpime naye. Akiwa na moja, bado anaweza kuzaa, mradi dume apimwe na awe safi kabisa: hakuna mtoto atakayepata mbili. Usimtupe mbwa mzuri kwa nakala moja.

Kisasa_K9:
Wakati mnasubiri majibu, tandika mikeka kwenye marumaru asiteleze, na mtembeze kidogokidogo kila siku, misuli isilale. Akishindwa kuinuka, pitisha khanga iliyokunjwa chini ya tumbo umshikilie nyuma. Inasaidia kweli.

Mzabibu_Ihumwa:
Nimewapigia wa oda. Malkia hapandwi mpaka majibu yaje. Mmoja kakasirika, wengine wameelewa. Dokta, sampuli inachukuliwaje?

Dokta_Mifugo_Makole:
Swabu ya mate, sugua ndani ya shavu, iache ikauke kabla ya kufunga bahasha. Wasile kwanza, na watenge Simba na Malkia, wasinywe bakuli moja, mate yasichanganyike. Andika jina juu ya kila bahasha kabla hujaanza. Njoo nao Jumamosi asubuhi, nitampima Simba miguu na neva upya.