Mwanza inajengwa upya, abiria wa daladala anashushwa Mkuyuni gizani

Wakuu, salamu kwenu. Hasira nilizonazo leo sizifichi.

Mji wetu unavunjwa na kujengwa upya. Soko Kuu lilivunjwa, wafanyabiashara wakahamishiwa Mbugani, mahali pake likapandishwa jengo la ghorofa. Stendi ya Nyegezi imejengwa upya, na upande wa Ilemela ikajengwa mpya kabisa pale Nyamhongolo. Mwaka 2021 machinga waliondolewa kando ya barabara. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa. Mimi ni mkazi wa hapa na nafurahi mji ukipendeza, na daraja lile nalipenda kama kila mtu aliyewahi kukaa foleni ya kivuko jua likimchoma. Lakini katika mabilioni yote hayo, nionyesheni yalipo ya mtu anayepanda daladala. Huko mnakojenga anafikaje? Saa moja usiku anarudije kwake?

Naanza na kukatwa ruti, maana ndiyo inayouma zaidi. Gari limeandikwa Buhongwa ubavuni. Unalipanda mjini jioni baada ya kugombania mlango, mmoja kapita dirishani, mwingine kapoteza kiatu. Hamjafika hata Igogo konda ameshaanza kugonga sarafu anadai nauli. Wenyeji tunaijua hiyo dalili: konda akiwa na haraka na nauli, gari halifiki. Mkuyuni, katikati ya njia, dereva anaegesha pembeni, taa za ndani zinawashwa, na konda anatangaza mwisho wa gari ni hapo. Watu wamekaa siti zote na wengine wamesimama, wote wamelipa ya Buhongwa.

Juzi nilikuwa ndani ya moja. Kulikuwa na mama ametoka soko la samaki la Mwaloni na kiroba cha dagaa, mtoto mgongoni. Konda akamwambia, "Mayo, shuka, gari linageuza." Mama akamjibu taratibu tu, "Mwanangu, mimi nimekulipa ya Buhongwa." Konda akamtupia mia mbili mkononi, akakivuta kiroba kutoka nyuma ya siti, kikanasa kwenye chuma na kupasuka ubavu. Dagaa wakamwagika pale kwenye ukingo wa mtaro. Gari likageuza, likawasha taa, likarudi mjini tupu kabisa, konda akining'inia mlangoni. Sisi tukabaki tunaokota dagaa kwa tochi za simu, tukipuliza mchanga, huku mama anaomba msamaha kwa kutuchelewesha. Yeye ndiye anaomba msamaha! Mia mbili aliyorudishiwa haimfikishi popote, gari la kumalizia safari linataka nauli yake upya, na hilo nalo linakuja limejaa.

Najua kuna atakayekuja hapa chini aseme konda naye anatafuta ugali. Ni kweli, na hapo ndipo wenye jukumu wanapojificha. Madereva wengi wa daladala hawana mshahara wala mkataba. Asubuhi unakabidhiwa gari, jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake, yaani kiasi alichokupangia kwa siku, mafuta ni juu yako, faini ya trafiki juu yako, kinachobaki unagawana na konda. Siku gari likiendeshwa na deiwaka, dereva wa kushikiza kwa siku hiyo, ndiyo balaa zaidi, kwa sababu hesabu haipungui na yeye anataka chake. Jioni abiria wote wako mjini wanataka kutoka. Akienda mpaka Buhongwa, atarudi na watu watatu na foleni juu. Akigeuzia Mkuyuni, anawahi kurudi mjini kujaza tena. Nauli ya safari moja inakuwa imelipwa mara mbili na abiria wale wale. Kwa mtu mwenye hesabu shingoni hiyo ni pesa ya wazi, na atakata ruti kesho na keshokutwa mpaka atokee wa kumzuia.

Wa kumzuia yupo kwenye karatasi. Leseni ya daladala inatolewa kwa ruti. Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa umbali, na Desemba 2023 ya hadi kilomita 10 ilitoka 500 ikawa 600. Tulilipa bila maandamano. Nauli ikipanda inaanza kudaiwa siku hiyo hiyo, hata kwa bibi kizee anayeteremka kituo cha pili. Lakini sharti la gari kufika mwisho wa ruti yake nani analisimamia saa za jioni, ambazo ndizo linavunjwa? Mchana utaona gari limesimamishwa kwa sababu ya taa ya nyuma. Usiku unaposhushwa katikati ya njia hakuna hata mtu mmoja mwenye sare.

Wanafunzi sitawasemea sana, kila mzazi anajua. Nauli yao ni 200, kwa hiyo asubuhi gari linawapita kituoni na nafasi ipo. Watoto wanafika shuleni saa mbili wanachapwa kwa uchelewaji wa mtu mwingine.

Sasa tazameni umbile la mji wenyewe. Sensa ya 2012 ilikuta Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda mji huu, zina watu laki saba na kidogo. Ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 1.1. Barabara kubwa za kuingia katikati zimebaki zile zile tatu: Kenyatta inayotoka upande wa Shinyanga kupitia Nyegezi, Mkuyuni na Igogo, Nyerere inayotoka upande wa Musoma kupitia Igoma, Buzuruga na Mabatini, na Makongoro inayotoka uwanja wa ndege kupitia Pasiansi na Kirumba. Zote tatu zinamwaga watu mahali pamoja, na kati yake ni milima ya mawe. Mtu wa Mkolani mwenye kibarua Igoma analetwa mpaka katikati ya mji asikokuwa na shida nako, anashuka, anavuka kwa miguu, anagombania gari la pili, analipa nauli ya pili. Nusu ya wanaosukumana mjini asubuhi, kwa macho yangu, hawaendi mjini. Wanapita tu kwa sababu hakuna kwingine pa kupita.

Ndiyo maana barabara ya Buhongwa–Igoma kupitia Kishiri ina thamani kuliko ghorofa lolote mtakalonionyesha. Lami ikamilike yote, kisha, hapa nisikilizwe vizuri, ipewe daladala zenye ruti ya moja kwa moja tangu siku ya kwanza. Tumezoea barabara inaisha, inapigwa picha, halafu inaachiwa bodaboda mwaka mzima.

Na daraja la Kigongo–Busisi limeongeza uharaka. Zamani kivuko kilikuwa kinachuja magari ya Sengerema, Geita na Bukoba, yanakuja kwa mafungu. Sasa yanavuka kwa dakika chache, mchana na usiku, na yote yanaingilia Usagara na kuteremka na Kenyatta hii hii yenye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi sehemu kubwa. Aliyepanga daraja alijua yatavuka. Aliyepaswa kupanga yatakapofika mjini yapite wapi alikuwa wapi?

Nije kwenye stendi, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Nyegezi na Nyamhongolo ni stendi nzuri, zina vibaraza, zina vyoo, zina maduka. Zote ziko nje ya mji, moja kusini na nyingine mashariki. Kuondoa mabasi makubwa katikati ni sahihi, nakubali. Lakini ukimwondolea abiria basi mlangoni unampa kitu cha kumleta mlangoni. Oktoba 2023 serikali iliruhusu mabasi kutembea saa 24. Basi la Dar linaweza kuingia Nyegezi saa tisa usiku. Daladala saa tisa usiku hakuna. Kuna bodaboda na bajaji, na bei ni ile anayotaja yeye baada ya kuangalia mizigo yako na lafudhi yako. Aliyesafiri siku nzima kwa nauli halali iliyopangwa na kuandikwa kwenye tiketi anakuja kukamuliwa kilomita kumi za mwisho. Asiye nacho analala kwenye viti vya stendi akikumbatia begi mpaka alfajiri. Nimewaona wajawazito wamelala pale, waliokuja Bugando kwa rufaa, wana barua ya hospitali mfukoni na hawana elfu tano ya bodaboda. Hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya ziwa! Mji unaopokea wagonjwa kutoka Kagera, Mara, Geita, Shinyanga na Simiyu umeshindwa kuweka daladala nne za zamu ya usiku kati ya stendi na Bugando.

Na mtu wa Shinyanga anayekwenda Magu au Bunda? Anashukia Nyegezi, basi lake linalofuata liko Nyamhongolo, katikati kuna mji mzima. Stendi mbili zimejengwa kwa pesa za umma na hakuna gari lenye ruti inayoziunganisha na ikaheshimiwa. Mtu huyo anavuka mji na magunia kwa daladala mbili, au analipa bajaji pesa inayokaribia nauli ya basi lenyewe.

Katikati ya mji nako. Machinga walipoondolewa tuliambiwa njia za kando ya barabara zirudi kwa waenda kwa miguu. Wakaondoka watu waliokuwa wanauza soksi na chaja, nafasi ikachukuliwa na magari yaliyoegeshwa. Mwenye gari lake amepata, mwenye meza amepoteza, mwenye miguu anatembea katikati ya barabara kama kawaida. Tulipata daraja la waenda kwa miguu Furahisha, lilizinduliwa 2017, na linatumika kila siku, kwa hiyo msiniambie watu wa Mwanza hawapendi kufuata utaratibu. Wakipewa njia wanapita.

Soko Kuu naliombea mema. Ila soko la Mwanza linaendeshwa na ndoo, viroba na vikapu vya akina mama wanaokuja kununua jumla wakauze Mahina na Kishiri. Mteja huyo hana gari. Kila soko linapozinduliwa tunatajiwa idadi ya vizimba na maegesho. Nataka nitajiwe kituo cha daladala cha soko kiko umbali gani kutoka mlangoni, kina paa au hakina, na mzigo unapakiwaje. Mama wa kiroba akishushwa mbali na mlango atanunua kwingine, kizimba kitakosa mteja, halafu tutaambiwa wafanyabiashara wamegoma kuingia sokoni.

Nimejiuliza kwa nini hakuna anayejibu, na jibu naliona hivi. Chukua daladala moja ya Buhongwa–Airport. Inaanzia Jiji la Mwanza, inaishia Manispaa ya Ilemela. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Leseni na nauli ni LATRA. Makosa ya barabarani ni trafiki. Kila mmoja ana kipande chake, na abiria hayumo kwenye kipande cha yeyote. Mpango kabambe wa mji ni wa 2015 hadi 2035, umevuka nusu ya muda wake. Dar ilipata mwendokasi mwaka 2016. Sisi hatujaomba mwendokasi wala treni. Tunaomba gari lifike lilikoandikiwa.

Na ziwa, wakuu. Kamanga kivuko kinaondokea mjini kabisa, kila siku, na watu wanavuka. Kutoka Luchelele hadi Capripoint, hadi Kirumba, hadi Igombe, maji yapo na hayana foleni. Boti ndogo za abiria zenye ratiba, ukaguzi na maboya kwa kila kichwa zingeweza kubeba wengi. Nasema ukaguzi kwa sauti kubwa, kwa sababu sisi ndio tuliozika waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere kilipozama 2018.

Ninachodai ni hiki, na ni cha bei ndogo kuliko uzio wa stendi yoyote. Awekwe mtu mwisho wa kila ruti, Buhongwa, Kisesa, Igombe, Kiseke, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku, aandike namba ya kila gari lililofika. Lisilofika mara kwa mara leseni yake isimamishwe, na barua iende kwa tajiri, asibebeshwe konda peke yake. Iwekwe ruti ya Nyegezi–Nyamhongolo na daladala za zamu ya usiku kupita Bugando. Na kabla ya mradi wowote mpya wa katikati ya mji kutangazwa, tuonyeshwe kwanza abiria atashukia wapi.

Wenye ruti za Igoma, Kishiri, Nyasaka, Buswelu na Nyashishi, andikeni hapa chini: gari limeandikwa wapi, liligeuzia wapi, saa ngapi. Msiweke majina ya makonda, ruti na saa vinatosha. Mwisho wa mwezi nitaviweka kwenye barua moja na kuipeleka kwa mkono kwenye ofisi zote zinazohusika, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa nitaibandika hapa.