Mrejesho: RX 6600 au RTX 3060? Nimeshachagua

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nichukue kadi ipi ya picha (GPU) kati ya RX 6600 ya AMD na RTX 3060 ya Nvidia yenye memori ya GB 12, kazi yangu ikiwa kuhariri video za harusi hapa Kisumu, na Blender (programu ya kutengeneza picha za 3D) kidogo usiku. Nimechukua 3060, ya mtumba, kwa fundi wa Kondele.

Wengi mlinionyesha idadi ya koa (vitengo vidogo vya kukokotoa ndani ya kadi): 3584 za 3060 kwa 1792 za 6600. Hizo hazilinganishwi hivyo, maana Nvidia na AMD hawahesabu kitu kimoja. Kwenye gemu za 1080p kadi hizi zinakaribiana. Kilichoniamulia ni memori: GB 12 badala ya 8, na kasi yake GB 360 kwa sekunde wakati mwenzake ana 224. Video ya 4K niliyokuwa nikiisafisha chenga na kuipaka rangi, ambayo kadi ya zamani ilikuwa ikiikataa eti memori imejaa, sasa inapita. Blender nayo ukiwasha OptiX (teknolojia ya kuharakisha utengenezaji wa picha za 3D) inakimbia, na OptiX ni ya Nvidia pekee.

Stima ndiyo inayouma: wati 170, wakati 6600 inakula 132. Pawa saplai yangu ya wati 400 ilibidi itoke. Nvidia wenyewe wanapendekeza 550.

Na aliyesema niijaribu kwa gemu nzito kabla ya kulipa, ubarikiwe. Kadi ya kwanza niliyotolewa, feni moja haikuzunguka hata joto lilipopanda.

Ile saplai ya 400 naiuza, bado nzima.