Nimechora AutoCAD mwaka wa tisa sasa, BIM nianzie wapi?

Mchoraji_Mwanza
Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita mteja aliomba dirisha la sebule liongezwe upana kutoka milimita 1200 hadi 1800. Nikarekebisha ramani ya chini na mwonekano wa mbele, jedwali la madirisha nikalisahau. Mtu wa aluminiamu akasoma jedwali, akakata fremu ya 1200. Nimeilipa mimi. Nataka kuhamia Revit au ArchiCAD, programu za BIM ambamo unajenga modeli moja ya jengo na ramani, mwonekano na majedwali yote yanatoka humo. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8. Video nimeangalia nyingi, kila moja inaonyesha vitufe tu.

Tofali_na_Lipu
Pole sana kaka. Mimi nilihama 2017, na kwa miezi mitatu nilitumia Revit kama AutoCAD. Kila ukuta niliuandikia kimo cha 3000. Mhandisi akataka 3300 ili mihimili yake ikae, nikapandisha leveli, yaani mstari wa kimo ambao zege la juu limekaa: zege likapanda, kuta zikabaki palepale. Uwazi wa sentimita 30, nyumba nzima! Ukuta ufunge juu kwenye leveli, usiuandikie kimo.

Achana na nyumba za kwenye video. Chukua moja uliyoisimamia hadi ikaezekwa, uijenge upya kwenye programu kwa mpangilio wa fundi: msingi, jamvi, kuta, lenta, paa. Na ukuta utengeneze wako: tofali la inchi 6 ni 150, lipu 15 kila upande, jumla 180. Hapo ndipo vipimo vya vyumba vitakuwa vya kweli, na mkadiriaji atapata eneo la lipu bila kupima upya.

Kijana_wa_Site
GB 8 itahema, tafuta 16. ArchiCAD ni nzuri, hata kwenye Mac inafanya kazi, ila uliza mhandisi wako anatumia nini. Kama ni Revit, kubalianeni toleo: faili la 2025 halifunguki kwenye 2023.

Mchoraji_Mwanza
Asanteni. Nimeanza na nyumba ya Buswelu. Nimebadilisha dirisha la sebule kuwa 1800, jedwali likafuata lenyewe, lakini na madirisha ya vyumba vya kulala yamekuwa 1800!

Tofali_na_Lipu
Yote uliyaweka aina moja, W1, na ukibadilisha aina, madirisha yake yote yanabadilika. Rudisha W1 iwe 1200, inakili, nakala iite W2, upe upana wa 1800, kisha dirisha la sebule pekee liwe W2.