Rauta ya "1200" yanipa 94, halafu naambiwa bahari ndio mbaya

Jamani niko na hasira mpaka vidole vyatetemeka, makosa ya kuandika mnisamehe, sirudi nyuma kusahihisha.

Mimi niko Lamu, Mkomani, nyumba ya marehemu mzee, zile za mawe. Kazi yangu kuhariri video za harusi, jamaa wa kamera wako Mombasa wananitumia mafaili, harusi moja yaweza kufika gigi 40 na bibi harusi ataka klipu yake kabla fungate haijaisha. Kwa hiyo nikajipiga kifua nikapandisha paketi ya intaneti hadi spidi ya Mbps 200, yani megabiti 200 kwa sekunde. Mafundi wa kampuni wakaja wakafunga kidude chao cha kuleta intaneti ukutani, wakapima kwa waya mbele yangu, 190 na kitu. Hapo sina neno nao.

Shida ni waifai ya kile kidude, yafika mlangoni yachoka. Wakaniambia tafuta rauta yako mwenyewe nzuri. Sawa. Nilikuwa na safari ya Malindi, nikaingia duka moja la vyombo vya simu na kompyuta, kijana wa pale akanitolea rauta nyeusi ina antena nne, kama kaa aliyepinduliwa, na kwenye boksi 1200 imeandikwa kubwa kuliko jina la rauta yenyewe. Nikamwambia wazi kabisa, mimi laini yangu ni ya 200, hii itaiweza? Akanicheka! "Shekhe wangu, wewe una 200, hii ni 1200. Itabaki mpaka ya jirani." Elfu sita na mia tano ikatoka mfukoni hivi hivi.

Nikafika nyumbani nikachomeka, nikapima kwa simu nimesimama mbele yake kama naswali: 90. Tena: 91. Laptopu kwa waya: 94. Usiku wa manane watu wamelala: 94. Kabla ya adhana ya alfajiri: 94. Yani intaneti huwa yapanda yashuka kama maji kujaa na kupwa, lakini hii imekaa 94 kama imepigwa msumari, na hapo ndipo ningeshtuka mapema lau ningekuwa na akili, badala yake siku nne nzima nikawa napigia kampuni nawatolea maneno ambayo sasa nayaonea haya.

Mpwa wangu ndiye aliyenitoa ujinga. Ami, toa hiyo rauta, chomeka laptopu moja kwa moja kwenye kidude chao. 190. Rudisha rauta. 94. Tukasema labda ni waya, maana kuna mafundi wakibana kichwa wanabana nyuzi nne tu kati ya nane, na nyuzi nne zitakupa 100 basi hata rauta iwe ya dhahabu. Tukamulika kichwa kwa tochi ya simu, zote nane zimo. Ndipo akaliokota boksi, akaligeuza ubavuni, kuna maandishi madogo kama mayai ya chawa: poti zake, yani matundu ya kuchomeka waya, ni 10/100, mwisho wake Mbps 100.

Poti ya 100! Rauta ya "1200" inayopokea intaneti kwa mlango wa 100! Ukitoa yale makaratasi ya njiani ambayo kila pakiti ya data lazima ibebe, unabaki na 94 hivi. Ndio maana haikusogea. Ni sawa na kujenga birika la kuogea la watu mia ukaliunganisha na mrija wa soda.

Na hiyo 1200 yenyewe mwaijua imetoka wapi? Waifai hurushwa kwa bendi mbili za mawimbi, GHz 2.4 na GHz 5: 300 ya bendi ya 2.4, na 867 ya bendi ya 5, wamezijumlisha halafu wakazungusha juu. Simu yako kwa kawaida hushika bendi moja, haishiki mbili kwa mpigo, na hizo zenyewe ni hesabu za makaratasi, kwenye hewa ya kweli hupati hata nusu wakati mwingine. Huu ni wizi wa halali.

Sasa sikizeni utamu. Nikairudisha. Boti mpaka Mokowe, basi, Witu, Garsen, jua, mpaka Malindi, nna boksi mkononi na risiti. Yule kijana akaichomeka ukutani, taa zikawaka, akasema "si hii yawaka, haina makosa." Kwani mimi nimesema imekufa? Nikamweleza poti, akaniangalia kama nazungumza Kichina. Halafu akanambia, na wallahi siongezi, "Huko kwenu Lamu ni bahari, hewa ya chumvi yanywa waifai." Yanywa! Chumvi najua kazi yake, inakula vichwa vya waya mpaka vinaota kijani, hilo nishaliona kwa macho yangu, lakini haijui kuhesabu mpaka 94 ikasimama. Risiti ina muhuri, bidhaa ikiuzwa hairudi. Na kabla sijatoka akataka kuniuzia ripita ya elfu tatu na nusu, "ya kusukuma." Ripita yenyewe yapokea na kutuma kwa chaneli ile ile, kama mtu mmoja apokea ndoo kisimani na kuipeleka mwenyewe, akiwa njiani hapokei nyingine. Spidi yaondoka nusu. Nikatoka nisije nikaharibu udhu.

Baadaye shemeji akanitumia nyingine kutoka Mombasa, antena zake hata hazionekani, lakini ubavuni imeandikwa 10/100/1000, ni Wi-Fi 6. Sebuleni 188. Gigi 40 ambazo zilikuwa zinakula karibu saa nzima sasa ni nusu saa. Ila nikivuka kuingia chumba cha ndani, 11. Kuta zetu mwazijua, matumbawe na chokaa, nimepima kwa mkono ni dhiraa nzima, bendi ya 5 ikigonga pale ni kama imegonga Ngome. (Faida yake moja, waifai za majirani nazo haziingii, chaneli zote zangu.) Tena nikakuta mama ameihamishia rauta kwenye kidaka cha ukutani, katikati ya sahani za bibi, na kaifunika kitambaa cha kushona "isiingie vumbi." Ilikuwa ya moto ungeweza kuchemshia kikombe cha kahawa. Hilo nalo simlaumu duka.

Kutoboa ukuta mama hataki hata kusikia, kwa hiyo nikapitisha waya juu, kwenye uwazi wa kiwanda, yani ua wa ndani ya nyumba, mita kama 18, nikashukia upande wa pili, na huko nikaiweka nani? Ile kaa ya 1200, imegeuzwa akses pointi tu, yapokea intaneti kwa waya na kurusha waifai. Chumba cha ndani sasa napata 94. Ninachojua nikiiona ile 94 damu yachemka upya.

Nyinyi mnaouza, mkiulizwa laini ya 200 muangalie poti, si kuhesabu antena. Na kama kuna mtu wa Lamu ama Malindi aliyewahi kurudishiwa pesa kwa rauta "inayowaka", aje hapa anambie alisema maneno gani, maana bado nna risiti.